Aliyeitika Mtungini

Mtoto alilia toka siku aliyozaliwa, na hakikuwa kilio cha njaa wala cha tumbo. Njaa mama anaijua. Hiki kilikuwa kilio cha mtu anayedai chake: kichwa nyuma, ngumi zimekazwa, na titi akipewa analisukuma kama limepakwa shubiri. Daktari alimmulika kwa ile taa yao inayoona mpaka ndani ya mifupa, akasema mtoto buheri wa afya, arudishwe nyumbani. Buheri wa afya! Mashavu yamebonyea, utosi unadunda, eti buheri wa afya. Nyangeta alimshukuru kwa sababu alilelewa kushukuru, akambeba mwanawe mpaka Majita, ukweni, kwa shangazi wa mumewe.

Shangazi Nyafuru alimtazama mtoto mara moja tu.

"Huyu haumwi," alisema. "Huyu analilia jina. Mlimpeleka hospitali kufuata nini? Hospitali wana majina?"

"Shangazi, mimi nilidhani..."

"Ulidhani, ulidhani. Lete mtoto."

Mtungi wa ukoo ulikaa chumba cha mbele, mahali ambapo nyumba nyingine huweka makochi. Haukuwa wa udongo. Ulikuwa wa kioo cheusi, mpana kiunoni, mwembamba shingoni, kazi ya mafundi wa Musoma wanaojua kuyeyusha mchanga wakahifadhi ndani yake sauti za watu. Kila mtu wa ukoo akishabalehe alipachikwa punje nyuma ya sikio, ndogo kama mbegu ya ulezi. Punje ile ilimsikiliza maisha yake yote, na ilisikiliza pia damu yake inavyopita. Damu iliposimama, punje ilifunguka yenyewe na kutuma sauti ya mwenyewe mtungini, awe amefia kitandani kwake au upande wa pili wa dunia.

Na mtungi haukuropoka. Ulikaa kimya mpaka uitwe jina la marehemu, ndipo uitike kwa sauti yake, vile vile alivyozoea kuitika enzi za uhai wake. Mtoto akinyamaza, basi, wajina wake amepatikana. Mwiko ulikuwa mmoja: mbele ya mtungi haliitwi jina la mtu aliye hai. Kwao mtoto hapewi jina la mtu anayepumua. Jina hushikwa na mmoja. Akilishika huyu, yule ameliachia.

Shangazi akaketi mkekani, mtoto mapajani, akaanza kuita.

"Mugeta!"

"Nini tena?" mtungi ukafoka, sauti ya mzee aliyekufa na hasira zake. Mtoto akalia.

"Manyonyi!"

"Nipo, nipo, msinipigie kelele." Mtoto akalia zaidi.

Shangazi aliwaita wafu wa ukoo kwa mpangilio wa wimbo aliofundishwa na mama yake, ulimi ukienda wenyewe kama wa mtu anayesali rozari. Waliitika wacheshi, waliitika wenye kununa, aliitika na mjomba mmoja aliyekohoa kwanza. Mtoto hakumtaka yeyote. Walipokwisha wenye punje, wimbo ukaingia kwa wale wa kale, waliokufa kabla punje hazijabuniwa. Hao waliitwa kwa heshima tu. Mtungi haukuwa na sauti zao.

"Masatu." Kimya. "Majura." Kimya. "Chirangi."

Shangazi akajiziba mdomo kwa kiganja. Ni kweli Chirangi wa kale alikuwa baba wa babu zao, lakini jina lake lilikuwa na mshikaji aliye hai: Chirangi mume wa Nyangeta, baba wa mtoto huyu huyu, mchimba barafu huko Mwezini. Hapo kwenye wimbo huwa panarukwa. Uchovu ulimponza, na zile kelele.

"Jamani, nisameheni," alisema. "Ulimi umetel..."

"Naja, naja!" mtungi ukasema. "Natafuta kiatu tu!"

Mtoto akanyamaza.

Nyumba nzima ikawa shwari kwa mara ya kwanza, lakini Nyangeta hakuusikia ule ushwari. Alikisikia kile kiatu. Chirangi aliitika hivyo hata akiwa pekupeku, hata akiwa kitandani hajafunua shuka. Ulikuwa uongo wake wa kila siku na ugomvi wao wa kila siku. 

"Alipiga simu Jumamosi," alisema. "Shangazi, mbona alipiga simu Jumamosi? Alinitania unene."

"Mtungi umekosea," Shangazi alisema haraka. "Umezeeka kama mimi. Ngoja. Ngoja kwanza." Akavuta pumzi, akavunja mwiko kwa makusudi, akaliita jina lake mwenyewe. "Nyafuru!"

Mtungi ukanyamaza. Akarudia kwa sauti ya juu, kama anayemgombeza mtu, nao ukanyamaza vile vile. Alikuwa hai, na mtungi ulilijua hilo. Yule mama mtu mzima akatazama chini, akanong'ona: "Chirangi."

"Naja, naja! Natafuta kiatu tu!"

Mtoto akageuzia uso mtungini, akafungua kinywa. Safari hii hakulia. Alikuwa anatafuta titi.

*

Kampuni ya barafu ilikuwa na ofisi Mwanza, lakini hakukuwa na haja ya kusafiri. Ukuta wa chumba cha mbele, unaoonyesha watu wa mbali, ulitosha. Aliyetokea ukutani ni Bwana Mbwilo, afisa wa familia za wachimbaji, kijana mtanashati mwenye tabasamu la kupokelea wageni.

"Mama, hongera tena kwa mtoto! Na mzee hajambo kabisa. Jana tu zamu yake imeongoza."

"Mtungi umeitika."

"Samahani?"

"Mtungi wa ukoo. Tumemwita mume wangu, akaitika. Punje yake imefunguka, Bwana Mbwilo. Amekufa lini?"

Tabasamu lilibaki pale pale usoni, limesahauliwa. Yule kijana akaangalia pembeni, akainuka, akafunga mlango wa ofisi yake. Nyangeta alipouona mlango ule unafungwa, alikaa sakafuni. Mpaka dakika ile alikuwa anategemea kuchekwa. Alikuwa anategemea aambiwe, mama, hayo mambo yenu ya mitungi yatawaua.

"Kile kitu cha nyuma ya sikio," Mbwilo alisema polepole. "Wahandisi wetu walidhani ni pambo."

"Nimeuliza lini."

"Masika. Shimo liliporomoka. Hakuteseka, mama, hilo nakuapia."

Masika! Mtoto alizaliwa kiangazi. Nyangeta alijikumbuka wodini, simu imebanwa sikioni, Chirangi anamhimiza, "Sukuma, mke wangu, usiniangushe, sukuma!" Alikumbuka mtoto alipotoka, na yule mwanaume huko Mwezini akaangua kilio mpaka wauguzi wakacheka. Mungu wangu. Sasa ni nani aliyelia?

"Kabla ya kushuka shimoni," Mbwilo aliendelea, macho yake yakikwepa, "kila mchimbaji huacha nakala ya akili yake. Kumbukumbu, mazoea, kila kitu. Mwili ukiharibika, nakala inawekwa kwenye mashine, kazi isisimame."

"Anajua?"

"Hajui. Ana mikono ya chuma, lakini yeye anaona ni glovu. Analala, anaota, anakumbuka nyumbani. Umeongea naye muda wote huu, mama. Uliona tofauti?"

Nyangeta alitamani kusema aliiona. Hakuiona. Hilo lilimchoma kuliko yote aliyokwisha sikia, kwamba mke mzima alitaniwa, akabembelezwa, akanuniwa na kuombwa radhi, na asigundue kuwa mumewe yuko chini ya mawe.

"Na akija kujua?"

"Tulimwambia mmoja, mwaka juzi. Alikaa chini. Mashine zote alizokuwa anaziendesha zikasimama. Hakusema neno tena, na hatukuweza kumwamsha." Mbwilo akasogea karibu na ukuta, sauti ikashuka, na kwa mara ya kwanza akaongea kama binadamu. "Mama, sikia. Na mimi nina mtoto. Mpe mwanao jina jingine, lolote. Kuna ubaya gani? Atakua na baba anayempigia simu kila Jumamosi, anayemuuliza habari za shule, asiyelewa, asiyezeeka. Ni wangapi walio hai hapa mjini wana baba wa namna hiyo?"

Nyangeta alitaka kumtukana. Tusi halikuja, maana swali lilikuwa zuri.

*

"Mficha maradhi, kilio humfichua!" Shangazi Nyafuru alikuwa anazunguka ua mzima, upande wa kanga unaburuzika. "Watu gani hawa? Mtu amekufa, hajaliliwa, hajazikwa, na bado wanamtuma kazi! Hata ng'ombe akifa anafunguliwa nira!"

Walikwisha jaribu majina mengine. Nyangeta ndiye aliyeshikilia. Walirudia Mugeta, wakarudia Manyonyi, wakaazima hata majina ya upande wa mama yake. Mtoto alianza tena kulia kama mwanzo, na mikononi alikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka juani. Alinyonya vizuri mara moja tu, siku ile mtungi ulipoitika, na tangu hapo ni kuramba na kutema.

"Shangazi, tukimpa la baba yake kimya kimya? Tukampa, tusimwambie mtu?"

"Jina la kufichwa si jina, ni wizi. Mtoto atatulizwaje na kitu cha wizi? Jina linatangazwa, na kila anayeuliza anaambiwa. Halafu mimi nasimama kwa niaba ya marehemu, maana mtungi kazi yake kuitika tu, namwambia mtoto: jina nimekuachia, lishike. Mtungi ukisikia maneno hayo nao unaliachia. Hauliitikii tena." Akatua mbele ya Nyangeta. "Na baba yake akiuliza?"

"Ndiyo hapo sasa. Nikimwambia nitakuwa nimemuua."

"Amekwisha kufa, mwanangu."

"Aliyekufa ni mmoja! Huyu wa Jumamosi naye ananijua. Anajua kovu langu la goti na nililipataje. Anajua naogopa jongoo. Nikimwita mfu, na hiyo huruma yake yote nayo ni ya nani?" Sauti ilimpanda mpaka jirani akachungulia ua. "Na nisipomwambia, namfanya mjinga maisha yake yote. Namwacha achimbe barafu ya watu huku anajinunulia vyombo vya kurudi navyo nyumbani. Kurudi na miguu ipi?"

Hakuwa amelia tangu mtungi uitike. Machozi hayakumjia. Kila alipojaribu, kulikuwa na mtu bado anapiga simu.

Shangazi aliukusanya ule upande wa kanga. Yeye ndiye aliyemlea Chirangi, alimwogesha kwenye beseni lile lile lililoegeshwa ukutani. "Unadhani mimi sitaki kuendelea kumsikia?" alisema mwisho. "Lakini kazi yangu ni kuita. Kujibu ni kwa mama wa mtoto."

*

Jumamosi simu iliita alasiri, jua bado likichoma juu ya paa. Nyangeta alikaa mkekani chumba cha mbele, mtungi ubavuni, mtoto mapajani akipiga kelele. Shangazi alipiga magoti karibu, tayari kwa maneno yake, kama yangehitajika.

"Mama Makelele!" Chirangi alianza, nyuma yake mashine zikiunguruma kama siku zote. "Mpaka huku Mwezini nawasikia bila simu. Bado tu huyo? Mpe niongee naye kiume."

Nyangeta akaisogeza simu sikioni mwa mtoto.

"We bwana mdogo! Hebu tusikilizane. Mama yako hajalala, mimi sijalala, wewe unataka nini?"

Mtoto akalia, tena kwa nguvu zaidi, akijinyonga kuikwepa simu. Nyangeta akatambua kwamba ilikuwa hivyo kila Jumamosi, na kila Jumamosi walicheka. Sauti ile ile mtungini ilimtuliza, simuni ilimtesa. Alisubiri jambo hilo limrahisishie kazi yake. Halikurahisisha chochote, kwa sababu Chirangi naye alilisikia.

"Ananikataa," alisema. Alicheka, lakini ameumia. "Haya, akikua tutapatana. Shangazi kafika kwenye mtungi au bado anamsema daktari?"

"Amefika."

"Enhe! Nilisema mimi toka mwanzo. Kaitika nani? Usiniambie Mugeta, nitakoma. Babu yule alinichapa mpaka siku ya kipaimara."

Ilikuwa rahisi hivyo. Manyonyi, angesema. Jina zuri, mtu mpole. Chirangi angefurahi, angeuliza sherehe lini, na Jumamosi ijayo simu ingeita. Nyangeta akafungua kinywa. Mtoto akakunja uso tayari kwa kilio kingine, na mbavu zake zikahesabika chini ya ngozi.

"Chirangi," alisema.

"Naja, naja, natafuta..." aliitika kwa mazoea, akacheka mwenyewe. "Nakusikiliza, mke wangu. Jina nani?"

"Chirangi."

"Si nimeitika?"

"Ndilo jina lenyewe. Mwanao anaitwa Chirangi."

Maneno ya kwenda Mwezini huchelewa kidogo, hilo walikwisha lizoea. Haya yalichelewa kuliko kawaida.

"Aaa," alisema. "Yule babu wa kale."

"Yule wa kale hakuwa na punje."

"Lakini hilo jina ninalo mimi."

"Najua."

"Nyangeta, sisi hatumpi mtoto jina la mtu..." Akaishia hapo. Nyuma yake mashine moja ikazimika. Halafu nyingine. Nyangeta hakuwahi kujua kuwa zilikuwa nyingi kiasi kile mpaka aliposikia zinapungua. "Nani kaitika?"

Shangazi akafumba macho.

"Wewe, mume wangu."

"Mimi."

"Wewe. Shimo lilikuangukia masika. Walituficha. Na wewe wamekuficha."

"Nilisema nini? Mtungini?"

"Kiatu."

Kikatoka kitu kama kicheko. "Hizi glovu," alisema taratibu. "Kila siku nazivua, kila siku nazikuta zimevaliwa. Nikasema ni baridi, ni uchovu. Mama yangu wee!" Mashine nyingine ikanyamaza. "Siku ya kujifungua. Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Nilikuwa mimi?"

Jamani, ungemjibu nini? Nyangeta akampa jibu alilokuwa nalo. "Sijui. Nisikudanganye, sijui. Lakini bila ile sauti nisingeweza kusukuma."

Simu ikakaa kimya mpaka wakadhani amekwisha kaa chini kama yule mwenzake wa mwaka juzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo dogo la nyumbani: "Nilipoitika, alinyamaza?"

"Alinyamaza. Akanyonya."

"Basi mlete karibu na simu. Shangazi yupo? Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba," Shangazi alijibu.

"Usiseme wewe yale maneno. Nitayasema mwenyewe."

Katika ukoo ule jina lilikuwa linakabidhiwa na mwingine siku zote, kwa niaba ya aliyekwisha nyamaza. Halikuwahi kukabidhiwa na mwenyewe. Shangazi Nyafuru alimtazama Nyangeta, akarudi nyuma kwa magoti, akampisha.

"Chirangi," sauti ilisema, mashine zote sasa zimezima, ikasikika wazi kama ya mtu aliye mlangoni. "Jina nimekuachia. Lishike. Na ukiitwa, mwanangu, nenda hivyo hivyo pekupeku. Usimsumbue mama yako na habari za viatu."

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Hakuna aliyejua ameacha saa ngapi.

Nyangeta alingoja. Simu haikuwa imekatika, taa yake ilikuwa bado inawaka, ila upande wa pili hapakuwa na muungurumo wala pumzi. Akaiweka chini. Hakutaka kuamini, akaita kwa sauti, hajui anamwita nani, wa Mwezini au wa mtungini:

"Chirangi!"

Simu haikuitika. Mtungi haukuitika. Mtoto mapajani akageuza shingo, akamtazama mama yake machoni kama mtu aliyeitwa.

Nyangeta akafungua gauni, akampa titi, naye akalipokea na kulivuta kwa nguvu mpaka likauma. Shangazi Nyafuru akavua kanga yake ya mabegani, akamfunga Nyangeta kiunoni, kama wafungwavyo wafiwa kwao.

"Sasa lia, mwanangu," alisema. "Mwenzio amekwisha nyamaza."

Nyangeta akalia.